Seli Zilizowaka Bila Dawa

Walimwita Bi Giza kwa sababu miaka kumi na mmoja alishinda kwenye chumba kisicho na dirisha, taa zimezimwa, jicho kwenye hadubini. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe akimtaka lazima abishe hodi. Kazi yake ilikuwa kuzitia seli hai rangi maalumu, kisha kuzipiga picha mojamoja. Seli ikiwa na zile molekuli kali za oksijeni zinazoitafuna kwa ndani, rangi inawaka kijani. Zikizidi, inazidi kung'aa. Makala saba zilitoka kwa picha zake, na hakuna hata moja iliyomtaja. Safari hii, kwenye makala ya dawa mpya iliyodaiwa kuua seli mbovu kwa kuzijaza molekuli hizo, profesa wao alikuwa ameahidi kuliandika jina lake. Alishamwambia mama yake, mama naye akautangazia mtaa mzima.

Asubuhi moja aliitwa mapokezi kusaini barua, akasahau taa ya hadubini ikizimulika seli zisizopewa dawa. Aliporudi, zilikuwa zinawaka kijani. Akarudia mara tatu kwa makusudi, mambo yakawa yaleyale. Taa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiiwasha rangi! Na seli za dawa, zile alizozisifia profesa kila kikao, ndizo alizozimulika yeye muda mrefu zaidi, akihangaika kupata picha nzuri.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Akapiga moyo konde, akaenda ofisini.

"Prof, dawa haifanyi kitu. Ni taa. Tupige upya, zote kwa muda sawa."

Profesa hakuinua hata macho. "Mama, kazi yako kupiga picha. Kufikiri tuachie sisi."

"Lakini nimejaribu mara tatu..."

"Nimesikia. Ukitoka funga mlango."

Makala ikatoka bila jina lake. Alilia chooni kwa hasira, akanawa uso, akarudi kazini. Mama alipouliza, alimdanganya kwamba bado inachapwa.

Mwaka uliofuata watafiti wengine walirudia jaribio, dawa ikaumbuka. Jarida likadai maelezo, na profesa akaandika ukurasa mzima wa kuomba radhi. Bi Giza aliusoma kwenye ubao wa matangazo, begi bado begani. Kosa, profesa aliandika, lilitokana na uzembe wa fundi wa hadubini. Na hapo akamtaja, majina yake matatu yote, bila kukosea herufi.