Vibati Chini ya Treni ya Sista

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyosema uongo bila kujua kuwa ni uongo. Nilikuwa kijana, fundi redio pale Kabanga, na sifa zilikuwa zimeanza kunilevya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Sista Klara, mwalimu mzee wa shule ya jirani, aliniletea treni ndogo ya kuchezea ya umeme pamoja na reli zake. Aliachiwa na marehemu kaka yake. Alitaka wanafunzi waione ikitembea siku ya kufunga shule, maana huku kwetu Ngara hakuna reli, na wengi wao hawakuwahi kuona treni. Nilipoiweka relini na kuwasha umeme, kichwa cha treni kilisogea kidogo, kikasimama. Ukikisukuma kwa kidole, kinashtuka, kinasimama tena.

"Mota imeungua, Sista," nikasema. "Hii imekwisha."

Uso wake ulivyobadilika, sijausahau.

Mzee Masanja, Msukuma aliyenifundisha ufundi, alikuwa kwenye benchi lake. Hakugomba. Alikichukua kile kichwa, akakipindua, akagusisha nyaya za betri moja kwa moja kwenye mota. Ikanguruma!

"Mota nzima hii," akasema. "Sasa niambie, umeme unatoka relini unafikaje kwake?"

Ndipo akanionyesha vibati vyembamba vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa ndani na kupokea umeme. Vilikuwa vimelika, havifiki tena.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hukuinama, ukamvunja moyo Sista bure. Mwombe radhi, kisha uitengeneze mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Nikakata vibati vipya kutoka swichi ya redio mbovu, nikavilehemu. Vya kwanza nilivikaza mno, magurudumu yakagoma kuzunguka. Vya pili vikalegea. Siku tatu, mwanangu, hadi vikagusa bila kubana!

Siku ya kufunga shule treni ilizunguka na kuzunguka bila kusimama, watoto wakipiga kelele, Sista akicheka kama msichana. Mzee Masanja akanishika bega mbele ya wazazi: "Huyu ni fundi." Nilijiona mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Tangu hapo nimebadilisha vibati vile mara nne, na treni ingali inatembea. Najivunia, wala sioni haya.

Basi sikia. Usiseme kitu kimekufa kabla hujafuata njia yake yote. Ukikosea, kiri, urudi kazini. Na ukitaka kujisifu, subiri kazi iishe, watu waione. Mungu aibariki mikono yako, akujalie subira, na kazi zako ziishi kuliko wewe.