Fuwele ya Herieth

Herieth alikuwa na mkono usiotetemeka, na alijua hivyo, wala hakujifanya mnyenyekevu. Kazi yake pale chuoni Guangzhou ilikuwa kuotesha fuwele za protini ya vimelea vya malaria: unatonesha, unangoja, unachungulia kwa hadubini, unakuta uchafu mtupu. Miezi kumi na moja hivyo, mpaka akapata moja ya maana, ndogo kuliko punje ya chumvi. Aliinasa kwa kitanzi cha uzi mwembamba, akaizamisha kwenye naitrojeni ya kimiminika kufumba na kufumbua. Nani mwingine angeweza?

Ilibaki safari ya Shanghai, kwenye mtambo mpya wa duara unaotoa eksirei kali. Mionzi ikipita kwenye fuwele huacha madoa pichani. Yakienea hadi ukingoni, umbo la protini litaonekana vizuri. Lakini mionzi hiyohiyo huichoma fuwele, kwa hiyo nafasi ni moja tu.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2009, msako wa polisi wa kukagua pasipoti za wageni umepamba moto, na ya Herieth iko uhamiaji ikingoja viza. Bila pasipoti, ndege hapandi. Alilia, akanawa uso, akamkabidhi Kioko, Mkenya wa maabara yao, mtungi wa baridi wenye fuwele aende nao.

Asubuhi ya zamu yao kwenye mtambo wa Shanghai, akiwahi maabara, polisi wakamsimamisha penye mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Sanyuanli, akapanga foleni na wageni wengine. Simu ikalia.

"Dada, iko tayari. Mionzi nipige katikati, ama?"

"Weee Kioko, thubutu! Katikati ina ufa. Piga ile ncha iliyochongoka."

Askari akamwamuru akate simu. Herieth akamnyooshea stakabadhi ya viza, akamwomba kwa Kichina, kwa adabu zote, dakika moja tu. Askari akatazama saa yake, akaanza kuihesabu dakika hiyo kweli.

"Kioko? Kioko!"

"Madoa, dada! Mpaka ukingoni kabisa!"

Herieth akapiga kigelegele, foleni nzima ikageuka.

Kioko aliporudi alimletea nakala ya ukurasa wa daftari la zamu. Herieth akausoma amesimama, kisha akatafuta kiti. Mahali pa jina la mpimaji, Kioko hakuwa ameandika lake. Alikuwa ameandika: Herieth.