Mkono wa Fedha wa Kusomea

Juzi nilipita mtaa wa Berea nikakuta lile sinagogi dogo limegeuzwa hosteli ya wanafunzi. Nilisimama getini nikiwa na hasira za mtu aliyeibiwa, na wala mimi si Myahudi.

Sijawahi kukusimulia hili. Mama alisuka nywele saluni, ila kila Alhamisi alikwenda pale kusafisha, nami nikitoka shule namfuata. Mzee mtunzaji alitutolea vyombo vya Torati, lile gombo lao la ngozi: taji lenye vikengele, kibao cha fedha kinachoning'inizwa mbele yake, na kijiti cha fedha chenye mkono mdogo ulionyoosha kidole. Tuling'arisha kwa kitambaa hadi mikono yetu ikawa myeusi na kunuka dawa ya kung'arishia. Mzee alitueleza kwamba msomaji hagusi maandishi kwa kidole chake. Hufuata mstari kwa ule mkono wa fedha. Mama aliipenda sana heshima hiyo. Tukimaliza tulipewa mkate wao wa kusuka, na mama hakuacha kuukosoa: msuko gani huu, umelegea.

Kanisani kwetu, Wakongo watupu, mama ndiye aliyesoma Neno kila Jumapili. Katika mji huu wa ugenini hakuwa na kingine cha kujivunia. Mchungaji aliposikia habari za vikengele, akamsimamisha mbele ya watu.

"Mama, zile ni sanamu. Chagua: ile kazi ao kusoma."

"Pasteur, ile kazi sitaiacha. Na kusoma sitaacha."

Jumapili iliyofuata akapanda mimbarini bila kuitwa. Akachomoa kitana chake cha saluni, kile chenye mkia wa kugawia nywele, akaufuta mkia kwa leso, akaupitisha mstari kwa mstari akisoma mpaka mwisho. Nilipiga makofi peke yangu. Siku hiyohiyo wakamnyang'anya zamu ya kusoma.

Vyombo vile, nasikia, vilihamia ng'ambo na waumini wa mwisho. Mzee alishafariki. Kanisa letu limegawanyika mara tatu, na mama nimemzika. Watu wananiambia nisamehe, ni mambo ya zamani. Sijasamehe, na sina haraka. Zamu ile hakurudishiwa, wala hakuiomba. Alisomea jikoni kwetu kila Jumapili, saa ileile ya ibada, dirisha wazi, sauti ikifika ghorofa zote. Washirika wa jengo letu waliokuwa njiani kwenda kanisani walisimama kwenye ngazi kumsikiliza, na baadhi yao hawakuendelea na safari.