Nilimchezesha Mbwa kwa Pindo la Kanzu

Kosa ni langu, na msinitafutie udhuru. Mwaka mzima nimekaa barazani nikiwaambia watu kwamba bawabu wangu, Karisa, ndiye aliyemharibu mbwa. Ni uongo mtupu.

Ilikuwa wakati wa vita, nguo adimu, wezi tele. Nina ghala la nguo Bondeni, nikatafuta mtoto wa mbwa alilinde. Kumshika sikutaka. Kwa sheria ya dini yetu, mate yake yakikupata uoshe mara saba, moja kwa udongo, na mimi ni mvivu. Basi nikaweka kanzu kuukuu hapo ghalani, nikawa naivaa na kumpungia pindo. Alirukia, akaning'inia kwa meno, nami nikicheka hadi mbavu zikaniuma.

Karisa, aliyelala naye mlangoni, hakucheka.

"Bwana, mchezo huo uwache," aliniambia. "Akishika nguo simama kimya, umpe kipande cha kamba atafune. Ukivutana naye ataona ndiyo kazi yake."

"Nimekuandika ulinde mlango, si unifunze mimi."

Mjinga mkubwa mimi. Mwenzangu amekulia na mbwa kwao, mimi hata paka sijapata kufuga.

Meno ya utoto yakang'oka, yakaota makubwa. Asubuhi moja shangazi yangu, aliyenilea tangu nilipofiwa na mama, akaniletea mahamri ghalani. Pindo la buibui lake lilikuwa likiburuzika chini. Mbwa akalidaka, akavuta. Shangazi akaanguka kizingitini, akavunjika mkono.

"Ni nani aliyemfunza hivi?" aliuliza, angali chini.

Nikamwonyesha Karisa kwa kidole. Nikamfukuza papo hapo, nikamwambia aondoke na mbwa wake. Hakujitetea. Alimfunga mbwa kamba, wakaenda zao.

Mkono ulipona umepinda. Shangazi hawezi tena kukanda unga. Kila ukimuuma alimwapiza Karisa mbele yangu, nami nikinyamaza.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisauni kwa shughuli, nikapita kwa Karisa. Watoto wake walikuwa wakimlisha yule mbwa kwa mikono, na mkewe akipita na leso yake, mbwa hata haitazami. Mara akaniona. Akaja mbio, mkia ukicheza, akadaka pindo la kanzu yangu.

"Bado akukumbuka, Bwana," alisema Karisa.

Nilimwomba radhi pale pale. Nikamwomba na kazini arudi, akakataa. Jioni hiyo nikamwambia shangazi ukweli wote.

"Mkono nimekusamehe," alisema. "Lakini maapizo niliyomwapiza yule mtu wa watu, n'tayarudishaje mimi?"

Nyinyi mnaocheka mtoto wa mbwa akiwavuta nguo, acheni leo. Na akimuumiza mtu kesho, semeni ni nyinyi mliomfunza, kabla hamjamnyooshea mtu kidole.