Jalada la Shati Jekundu

Mimi sina subira, na mtu asinidanganye kwamba kukusanya santuri humfunza mtu subira. Kwangu kumeleta kiungulia tu. Kila Jumamosi naingia soko la Kariokor, nawapita wauza mikanda na viatu vya akala bila hata kuwasalimu vizuri, hadi kwa jamaa mmoja anayepanga santuri kuukuu za muziki wa kantri juu ya gunia. Akiniona tu anaguna. "Niaje mzee? Leo usinivurugie vitu."

Namvurugia. Nifanyeje? Sikio la kushoto la mama yangu lilishakufa, na la kulia linaenda. Daktari alisema likienda halirudi. Tulipotoka kliniki mama alinishika mkono akaniambia, "Kabla halijafunga, nitafutie ule wimbo tuliokuwa tukicheza na baba yako." Baba alifariki nikiwa bado shuleni. Mama hajawahi kuniomba kitu, hata sukari.

Wimbo gani sasa? Mama hajui Kiingereza. Nilimwomba auimbe kidogo, lakini yeye ni mwanakwaya wa tangu zamani, na kila wimbo ukipita kinywani mwake unatoka ukiwa wa ibada. Alikumbuka mambo mawili tu. La kwanza ni hatua za kucheza, moja ndefu na mbili fupi, akanionyesha jikoni huku ameshikilia meza. La pili ni jalada la ile santuri yetu iliyopotea zamani: mwanamume wa shati jekundu ameegemea ua wa mbao, na farasi mweupe nyuma yake. Alikuwa akilipangusa kila wikendi, angelisahauje?

Basi nikaanza kumsaka huyo wa shati jekundu. Nilibisha hodi kwa watu wa mtaa wa Pumwani niliosikia wanauza vitu vya marehemu. Niliagiza hata sanduku zima kutoka ng'ambo, santuri za kantri za zamani zilizochapishwa upya, zimefungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Nikazipekua zote nikitafuta shati jekundu. Halikuwamo. Kwa hasira nikalirusha sanduku juu ya kabati bila kusikiliza hata moja. Mke wangu aliliita mke mwenza, na sikucheka.

Halafu siku moja yule jamaa wa Kariokor akanipungia mkono kutoka mbali. Shati jekundu! Ua! Farasi! Sikungoja hata anifungie kwenye gazeti. Nilifika mtaa wa Huruma nikitweta, nikapanda ngazi hadi kwa mama, nikaiweka santuri kwenye gramafoni, naye akainamisha sikio lake la kulia karibu kabisa na spika. Akasikiliza. Akakunja uso.

"Hii ni yetu," akasema. "Lakini si wimbo wenyewe. Huu baba yako hakuupenda."

"Mama, jalada si ndilo hili?"

"Ndilo. Lakini sahani ya santuri iliyokuwa ndani ilikuwa ya jirani."

Kumbe siku hizo wapangaji wa ploti nzima walikuwa wakiazimana santuri. Ukiazima, unabeba sahani peke yake. Jalada linabaki kwa mwenyewe, na ndani yake unamwekea sahani yako iwe rehani. Ile ya jirani unakuja kuitia kwenye jalada lako. Baba aliazima, akaupenda wimbo, akachelewa kurudisha. Jirani akahamia kwingine na sahani yetu, na yake ikabaki ndani ya jalada letu la shati jekundu miaka yote.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Wewe ukiuliza kitu, mguu uko mlangoni."

Wee! Niliketi chini. Miezi yote ile nilikuwa nikifukuza jalada, na sikio likiendelea kwenda.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilimpelekea lile sanduku la juu ya kabati. Sikuwa na njia nyingine. Nikaanza na santuri ya kwanza. "Si huo." Nikaweka nyingine. "Si huo." Tukaendelea hivyo, chai ikapoa, mimi miguu ikinichezacheza. Kisha nikaweka nyingine, na kabla sindano haijagusa sahani, mama akasema, "Si huo."

Nikaogopa. Nikamwita kwa sauti. Alikuwa akiutazama mdomo wangu tu; sikio la kulia nalo lilikuwa limefunga.

Nikataka kulia, na nikataka kuvunja kitu. Badala yake niliuchukua mkono wake, nikauweka juu ya spika, nikaongeza sauti mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza upande wa pili. Wimbo wa kwanza ukapita, yeye ametulia tu. Wa pili ulikuwa wa polepole. Kidole cha mama kikaanza kugonga spika, kisha mguu ukasogea chini ya leso aliyojifunga. Hatua moja ndefu, mbili fupi.

Akasimama. "Ndio huu!" akapaza sauti. "Hapa hapa ndipo baba yako alikuwa akinikanyaga! Ongeza, wewe!"

"Sauti imefika mwisho, mama."

Hakunisikia. Alininyooshea mkono wa pili tucheze, ule mwingine bado uko juu ya spika. Nikavua viatu.