Siku Nilipoitwa Mwizi wa Chakula Ziwani

Nilifumba macho nikiwa kwenye boti na wanafunzi wenzangu. Nilipofumbua, nilikuwa katikati ya ziwa na watu nisiowajua, kabati la nguo na kuku.

Sufuria la chakula cha darasa zima liko mapajani mwangu.

Jamani, sikuota.

Mimi ni bibi wa wajukuu na nasoma masomo ya jioni. Siku ile darasa letu lilikodi boti tukazunguke visiwa vya ziwani, tuone watu wa huko wanavyoishi. Chakula nilikabidhiwa mimi, kwa sababu mwenzetu mmoja kinyozi, mchekeshaji wa darasa, alisema, "Mpeni Mama Maombi. Huyo hata kuonja anaona dhambi."

Nilifurahi kuaminiwa. Simu zetu zote mwalimu alizitia kwenye mfuko wake zisilowe.

Kabla hatujaondoka ufukweni, injini ikagoma. Nikafumba macho, nikaomba. Niliombea injini, nahodha, mawimbi, hata samaki tusije tukawashtua. Mimi nikiomba, naomba kweli.

Kumbe wenzangu walihamia boti nyingine. Mwalimu akawaambia, "Msimkatize mama, akimaliza atakuja."

Kabla sijamaliza, abiria wengine wakapanda, na injini ikawaka.

"Nahodha! Wenzangu wako wapi?"

"Walishashuka, mama. Injini iligoma."

"Mbona sasa inakwenda?"

"Si umeiombea mwenyewe?"



Kisiwa cha kwanza nikamkimbilia mzee aliyekuwa akishona nyavu. "Baba, umewaona wanafunzi watu wazima?"

"Wametoka sasa hivi. Wanamtafuta mama aliyetoroka na chakula chao."

Mimi? Nitoroke?

Kisiwa cha pili, mwenye duka akaniambia, "Wanamtafuta mama mmoja mnene, mkali, kaiba chakula cha watu mia."

"Baba, mimi ni mwembamba."

"Basi si wewe. Ukimwona, mwambie amwogope Mungu."

Nikaahidi nitamwambia.

Kisiwa cha tatu hakuna aliyeniuliza kitu. Muuza samaki mmoja, mikono imejaa magamba, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

"Ndiye huyu! Kaa chini!"

Nahodha akacheka. "Kaa tu, mama. Visiwa vimekaa duara na wenzako wanazunguka. Watakukuta." Akaondoka zake.

Nikakaa. Njaa inaniuma, harufu inanipanda puani, kifuniko sikukigusa. Hakikuwa chakula changu peke yangu.

Jua lilikuwa limeanza kushuka boti yao ilipofika. Mwalimu akaruka majini na viatu vyake. "Mama yetu!" Akanikumbatia mbele ya wote walioniita mwizi. Machozi yakanitoka.

"Nisameheni wanangu, nimewashindisha njaa."

Kinyozi akatazama pembeni, anachokonoa meno.

"Njaa gani, Mama Maombi? Kila kisiwa tukisema tumeibiwa chakula, tunapewa samaki. Tumezunguka mara mbili."

"Mara mbili mnanitafuta mimi?"

"Ile ya kwanza tulikuwa tunakutafuta."

Muuza samaki akafungua kile kifuniko. Chakula kimejaa pomoni. Akanitazama midomo ilivyokauka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipakulia kwa mkono wake.

"Kula, dada. Na hawa wasiguse!"

Ndugu zangu, mtu akija kwako analia ameibiwa chakula, msaidie, Mungu atakubariki. Ila mtazame midomo kwanza. Ikiwa inang'aa mafuta, mwache hapo hapo ukamtafute huyo mwizi. Huenda ndiye mwenye njaa.