Sauti Tatu kwa Mpigo

Fundi viatu alikuwa mwoga, na hilo hakulificha. Aliogopa mbwa, sindano ya daktari, hata ngazi ikiwa ndefu kidogo. Lakini wiki mbili kabla ya onyesho la bendi yao alikuwa na hofu nyingine kabisa, iliyomkosesha hamu ya kula, nayo ilimhusu dada yake.

Huyo dada, kifungua mimba wa mama yao, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi hiyo. Fundi alipiga gitaa la besi, na wenzake wakamwita hivyohivyo, Besi. Katika onyesho lililopita dada alichelewa kuingia kwenye wimbo. Kiongozi wa bendi, mtu asiye na simile, akamwambia mbele ya wote, "Kosea tena uone. Mwimbaji mwingine nimeshampata." Dada akacheka tu. Besi hakucheka. Nyumbani alishaona dada anavyoitwa mara tatu bila kugeuka, akajua masikio yake yanaanza kuziba. Na dada bila kuimba, jamani, angebaki na nini?

Akamfuata mpiga solo, kisa hakukitaja. "Nataka besi isikike zaidi."

"Piga kodi," solo akamwambia. "Yaani nyuzi tatu, sauti tatu kwa mpigo mmoja. Ila usizipigie chini, zitakuwa uji. Panda juu ya shingo ya gitaa."

Basi mateso yakaanza. Kila mchana kibandani, viatu vya watu vikisubiri soli, Besi alihangaika na gitaa. Mtu aliyezoea kubonyeza uzi mmoja na kuuachia, leo atanue vidole vitatu kwa pamoja, tena kule juu ambako mkono wake haukuwahi kufika! Vidole vikatoka malengelenge. Kile cha mwisho kiligoma kabisa. "We, unanitia aibu," akakikaripia, na mama mmoja aliyekuja kuchukua kandambili akadhani anaambiwa yeye, akanuna. Siku ya onyesho ilipokaribia, kodi zilitoka safi. Dada hakuambiwa neno. Angeanzaje?

Ukumbi ulijaa. Dada alisimama pale anaposimamaga siku zote, uso ameuelekeza kidogo kwa mdogo wake. Besi akapandisha mkono juu ya shingo ya gitaa, akapiga kodi ya kwanza. Ikalia vizuri mpaka solo akatabasamu. Dada hakufungua mdomo.

Akarudia. Kimya. Dada alikuwa ameukodolea macho mkono wake kama mtu aliyepotea njia. Mungu wangu, hata hii haisikii! Akaongeza nguvu. Kiongozi akaanza kugeuka. Jasho likamwingia Besi machoni, na kwa woga tu vidole vikazisahau kodi zote, vikashuka chini kubonyeza uzi mmojammoja kama zamani.

Hapohapo dada akaimba, na akaingia panapotakiwa. Watu wakashangilia wakidhani yale yote ni mbwembwe. Kiongozi naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wakati wa mapumziko dada alimvuta mdogo wake nyuma ya jukwaa, akambana ukutani. "Unataka kuniua? Nani alikwambia ubadilishe vidole?"

"Nilitaka usikie vizuri, dada."

Dada alimtazama midomo mpaka akamaliza. "Sisikii kitu, mdogo wangu. Tangu mwaka jana, hata kidogo. Nyimbo koo langu linazijua. Nikiangalia kidole chako ndipo najua tumefika wapi."

Besi akatafuta pa kukaa, hapakuwepo. Mwaka mzima! Mara ngapi alikuwa amejikuna katikati ya wimbo, mara ngapi amebonyeza ovyo akisema nani ataona?

"Haya, jukwaani!" kiongozi akaita. Dada hakusikia, ila aliwaona wengine wakinyanyuka. Akajifuta uso, akamshika Besi mikono yote miwili, akaiangalia.

"Acha kutetemeka basi," akasema. "Vikitetemeka hivi, mimi nitaingilia wapi?"